Taa ya ABS imewaka baada ya mipira kuzunguka topeni: breki zimekufa?

Kharifu ya mwaka juzi tulikwenda Salalah gari mbili, sisi na shemeji yangu. Kutoka Maskati ni safari ya kiasi cha kilomita 1,000, na gari zote mbili zilifika salama bila ya taa hata moja kuwaka. Siku ya pili tukapanda mlimani upande wa Ittin, na kama ilivyo ada ya kila familia, tukatafuta pahala penye majani mabichi, tukaegesha, tukatandika mkeka na kumimina chai. Manyunyu yalikuwa yanashuka polepole, watoto wamefurahi.

Wakati wa kuondoka gari ya shemeji ikagoma. Ni gari ya saluni ya zamani kidogo, inayovutwa na mipira ya mbele. Alikanyaga mafuta, mipira ikazunguka papo hapo, tope likaruka hadi kwenye mabuibui ya watu. Mshale wa mwendo ulifika 60 na gari haijasogea hata shubiri. Tukaisukuma, ikatoka. Ilipopanda lami tu, taa ya manjano yenye herufi ABS ikawaka, na haikuzimika tena.

Hapo ubishi ukaanza. Shemeji alishikilia kwamba breki zimekufa na hashuki mlima na watoto. Mwanawe akasema hiyo taa tu, twende zetu. Walikosea wote wawili, kila mmoja kwa upande wake, na kosa la kijana ndilo lililokuwa la hatari zaidi.

ABS si breki. Ni msaidizi wa breki. Ukikanyaga breki kwa nguvu kwenye njia inayoteleza, mpira unaweza kujifunga ukaacha kuzunguka, na mpira usiozunguka hautii usukani. Unakata kulia, gari inaserereka moja kwa moja. Kazi ya ABS ni kuona mpira gani unataka kujifunga, kuulegezea breki kidogo, kuirudisha, kulegeza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ndiyo maana pedali hutetemeka chini ya mguu na pakasikika mlio wa kukwaruza. Watu wengi wakisikia hivyo hushtuka wakaondoa mguu. Usiondoe. Kaza mguu, wewe shughulika na usukani. Mfumo huu Bosch waliuingiza sokoni mwaka 1978, ukaanza na Mercedes-Benz kubwa, na leo ni shida kupata gari mpya isiyokuwa nao.

Ili kujua mpira gani unajifunga, gari inahitaji kujua kila mpira unazunguka kwa kasi gani. Basi karibu na kila mpira pana kidude cha kupimia mwendo, mafundi wanakiita sensa (siyo ile ya kuhesabu watu). Vidude vinne hivyo vinapeleka khabari kwa kompyuta ndogo ya breki. Kompyuta nayo haina macho. Haioni tope wala majani. Inachojua ni hesabu nne tu, na inazilinganisha muda wote.

Sasa rudi kwenye gari ya shemeji pale kwenye majani. Mipira ya mbele inasema tunakwenda kasi. Ya nyuma inasema tumesimama. Ikiwa jambo hilo ni la nusu sekunde, kompyuta inalisamehe, kwani mpira kuteleza kidogo ni kawaida. Lakini mtu akiendelea kukanyaga mafuta, sekunde baada ya sekunde, kompyuta inafika pahala inasema: haiwezekani gari moja iwe inakwenda na imesimama, bila shaka sensa za nyuma zimeharibika. Na kwa kuwa haiwezi tena kuziamini khabari inazoletewa, inafanya jambo la busara: inajitoa kazini na kuwasha taa ili dereva ajue. Imekosea kuhusu sababu, lakini kujitoa kwake ni kwa usalama wako, maana ABS inayofanya kazi kwa khabari za uongo ingeweza kulegeza breki wakati unazihitaji.

Fundi akiinua gari kwa jeki na kuzungusha mipira miwili tu huku mingine imesimama, anaweza kuiwasha taa ile ile. Hapana kilichoharibika.

Gari mpya zaidi hazidanganyiki kwa urahisi, kwa sababu zina mfumo wa kuzuia mipira isizunguke bure. Huo ukiona mpira umekimbia, unapunguza nguvu ya injini na kuubana mpira wenyewe. Wakati huo utaona taa nyingine ya manjano, ile ya kigari chenye alama za kuserereka nyuma yake, inamemeta. Kumemeta maana yake inafanya kazi, usiogope. Ikiwaka moja kwa moja bila ya kumemeta, ama mtu ameuzima mfumo kwa kitufe, ama pana kasoro. Na wapo wanaokizima kitufe hicho wakiingia mchangani, kisha wakasahau kukirudisha wakipanda lami.

Tulichofanya mlimani ni hiki. Shemeji alikanyaga breki gari ikiwa imesimama, pedali ikawa ngumu na juu kama kawaida. Akatazama taa nyekundu ya breki, ile ya duara yenye alama ya mshangao: haikuwaka. Hilo ndilo la kutazama kwanza. ABS ya manjano peke yake maana yake breki za kawaida zipo, msaidizi ndiye hayupo. Ikiwaka nyekundu pamoja nayo, na breki ya mkono imeteremshwa, basi mambo ni mengine kabisa: huenda mafuta ya breki yamepungua, au ule mgawanyo wa nguvu ya breki baina ya mbele na nyuma umepotea. Hapo hupeleki familia popote, unaita gari ya kubeba.

Tukateremka taratibu, gia imewekwa chini kwenye L ili injini ishike gari isikimbie, nafasi kubwa baina yetu na gari ya mbele, na breki za kugusa mapema kabla ya kona. Kijana aliyesema “taa tu” tulimweka gari yetu, tukamwonyesha lami ilivyong'ara kwa maji na ukungu. Mtu aliyezoea kukanyaga breki hadi mwisho na kuiachia ABS imalize kazi, akifanya hivyo siku hiyo mipira yake itajifunga na gari itamtoka. Bila ya ABS, mpira ukijifunga unaachia mguu kidogo hadi uzunguke, kisha unakanyaga tena. Wazee wetu waliendesha hivyo miaka yote. Sisi tumesahau.

Tulipofika mjini tulipita gereji moja. Fundi alichungulia dirishani, injini inanguruma bado, akasema kompyuta ya breki imekufa, akataja bei iliyomfanya shemeji anyamaze kimya. Hakuunganisha mashine ya kusomea makosa, hakuinua gari. Bahati ilikuwa magharibi imeingia, tukasema tutarudi asubuhi. Asubuhi shemeji akawasha gari, taa zote zikawaka kama kawaida wakati wa kujipima, zikazimika, na ABS ikazimika pamoja nazo. Tumerudi Maskati, haikuwaka njia nzima.

Katika gari nyingi ndivyo inavyokuwa: ukizima injini na kuiwasha upya, kompyuta inajipima tena. Baadhi husubiri hadi uende mwendo kidogo ndiyo taa iondoke. Kwa hivyo kabla ya kutoa hata riali moja, simama pahala pa usalama, zima, washa, endesha kidogo kwenye lami kavu. Taa ikiondoka na isirudi, ilikuwa tope tu. Ikirudi, na khasa ikirudi wakati hujateleza popote, basi pana kitu. Mara nyingi ni kidogo: sensa iliyoshika uchafu au vumbi la chuma, waya uliokatika nyuma ya mpira, beringi iliyolegea, betri dhaifu. Au mpira mmoja wa saizi mbali na mitatu mingine, maana mpira mdogo huzunguka haraka zaidi na kompyuta inaona hesabu hazilingani. Mwambie fundi asome makosa kwa mashine mbele yako, akuonyeshe limeandikwa gurudumu gani. Na mweleze kwamba ulikwama kwenye tope. Mashine haiwezi kumwambia hilo.

Haya si ya Salalah peke yake. Mvua ya kwanza Maskati baada ya miezi ya ukavu inaelea juu ya vumbi na mafuta yaliyoganda njiani, na mlima wa Bausher kwenda Amerat siku hiyo si pa kuharakisha. Mchanga uliopeperushiwa lami nao unateleza vile vile. Jambo moja la kukumbuka kwenye mchanga na kokoto: hata ABS ikiwa nzima, gari inaweza kwenda mbali zaidi kabla ya kusimama kuliko isiyokuwa nayo, kwani mpira uliojifunga huzoa mchanga mbele yake ukawa kama kigingi. ABS inakupa usukani. Haikupi njia fupi.

Kuhusu kukwama kwenyewe, kukanyaga mafuta zaidi ndiko kunakoharibu. Mpira unachimba kaburi lake. Tena katika gari nyingi, mpira mmoja ukizunguka na mwenzake umesimama, ule unaozunguka unakwenda mara mbili ya mwendo wa kawaida wa gia hiyo. Mshale wa gari ya zamani ukionyesha 60, mpira huenda uko kwenye 120, na mpira wa namna hiyo unaweza kupasuka au kurusha jiwe. Wanaosukuma wasisimame nyuma yake, na watoto wakae mbali kabisa. Ondoa tope mbele ya mipira, tia kokoto au zulia la mpira la gari, nyoosha usukani, kanyaga kidogo sana. Gari ya gia za mkono, anzia ya pili.

Na ukienda kununua gari kuukuu, tia ufunguo na utazame taa ya ABS. Lazima iwake sekunde chache kisha izimike. Ikiwa haiwaki kabisa, usifurahi: huenda mwenyewe ameing'oa balbu.