Hasira na Muda katika Rufani za Mauaji ya Wanandoa

Katika sheria ya Tanzania, kuvunjika kwa ndoa peke yake si utetezi kwa mtu aliyemuua mwenzi wake. Linaloweza kubadili kosa ni kughadhibishwa kwa ghafla, yaani kutendewa jambo baya au kutukanwa kiasi ambacho mtu wa kawaida wa jamii ya mshtakiwa angeshindwa kujizuia. Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, anayeua katika hali hiyo, kabla hasira haijapata muda wa kutulia, hutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha, ilhali adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa hadi kufa.

Ndiyo maana mabishano mengi huangukia kwenye muda. Mume ambaye mkewe amerudi kwa wazazi wake, naye akamfuata huko wiki kadhaa baadaye akiwa na panga, hujikuta na utetezi dhaifu, kwa sababu uchungu uliolimbikizwa, hata uwe mkali namna gani, si ghadhabu ya ghafla, na safari yenyewe huashiria maandalizi. Majaji wa Mahakama ya Rufani, ambao katika rufani ya kwanza kutoka Mahakama Kuu hupaswa kuupima upya ushahidi wote, hutazama pia silaha iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, na mwenendo wa mshtakiwa kabla na baada ya tukio, ili kubaini kama alikuwa na dhamira ovu, yaani nia ya kuua au ya kudhuru vibaya.

Ugumu usiopewa uzito unaostahili ni kwamba madai ya ugoni, yaani uzinzi wa mwanandoa, mara nyingi hutoka kinywani mwa mshtakiwa mwenyewe, na aliyetuhumiwa hayupo tena kujibu. Ni kweli kwamba mzigo wa kuthibitisha shtaka haumwangukii mshtakiwa. Hata hivyo maelezo yake ya onyo, ambayo huyatoa polisi baada ya kuelezwa haki zake, lazima yalinganishwe kwa makini na ushahidi wa majirani na ripoti ya uchunguzi wa maiti, kwani pasipo ulinganisho huo kesi ya mauaji hugeuka kuwa kesi dhidi ya marehemu.

Wala wanandoa hawakuachwa bila njia: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo kifungu chake cha 66 kinamnyima mume na mke haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, inaelekeza mgogoro upelekwe kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, na baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati inayofungua mlango wa kuomba talaka mahakamani.