Boksi la muziki linakwaruza? Kabla ya kubadili spika, angalia geini

Kibondo na Kasulu muziki mwingi hautoki kwenye redio ya dukani. Unatoka kwenye boksi lililoundwa na fundi wa mtaani: spika ya gari, betri ya volti 12, paneli ya sola na vibao viwili vitatu ndani. Hata Nduta, kambi iliyofunguliwa tena 2015 kupokea wakimbizi kutoka Burundi, boksi kama hilo ndilo lililokuwa likiburudisha kinyozi na wateja wake.

Malalamiko ni yale yale. Sauti ikiwa chini ni safi, ukipandisha kidogo tu inakwaruza. Mwenye boksi ananunua spika nyingine, na baada ya muda twita inaungua tena. Hela imekwenda, tatizo liko pale pale.

Muziki ulio kwenye simu au memori kadi ni namba tu. Saketi inayozigeuza namba hizo kuwa umeme unaopanda na kushuka inaitwa DAC. Mafundi wanaojiundia wenyewe wanapenda kibao cha chipu ya PCM5102A, kikiunganishwa na ESP32 inayopokea Bluetooth. Chipu hiyo, wimbo ukifika juu kabisa, inatoa volti 2.1. Ishike hiyo namba.

Sasa njoo kwenye amplifaya. TDA2003 ilitengenezwa kwa ajili ya redio za magari, inafanya kazi kwa volti 8 hadi 18, ndiyo maana inakubaliana na betri ya sola. Kwenye mchoro wake wa kawaida kuna rezista ya omu 220 na nyingine ya omu 2.2. Gawanya, ongeza 1, unapata 101. Hiyo ndiyo geini: kinachoingia kinatoka kimekuzwa mara 101.

Volti 2.1 mara 101 ni volti 212. Betri ina 12!

Amplifaya haiwezi kutoa isichopewa, kwa hiyo inakata vichwa vya mawimbi. Wimbi lililotakiwa kuwa la duara linatoka bapa kama meza. Huko ndiko kukwaruza kunakotoka, na wimbi bapa linarundika nguvu nyingi kwenye sauti za juu, yaani kwenye twita. Inaungua hata kama amplifaya ni ya wati chache.

Kwa betri ya 12, TDA2003 inatoa kama volti 3 safi hivi. Ukigawanya 3 kwa 101, inahitaji kuingiziwa volti 0.03 tu. Basi tunapunguza mlangoni: rezista ya kilo-omu 68 kwenye waya wa sauti, kisha ya kilo-omu 1 kwenda graundi, jirani kabisa na amplifaya. Sauti inagawanywa kwa 69, na mvumo uliookotwa njiani unagawanywa nayo. Kwenye spika ya omu 4 unapata wati 2 na kitu. Ni kidogo, lakini kwa chumba zinatosha. (Ukiuziwa boksi la volti 12 lenye TDA2003 moja ukaambiwa ni wati 100, cheka kwanza, halafu omba punguzo.)

Wapo wanaosema punguza tu voliamu ya simu. Haisaidii sana. Mvumo wa saketi unabaki ule ule huku muziki ukizidi kuwa mdogo, na mtoto akiishika simu anapandisha hadi mwisho. Wengine huweka kilo-omu 47 ili nyimbo za zamani zilizorekodiwa chini zisikike. Mimi ningebaki na 68, maana nyimbo za sasa zimejazwa sauti hadi ukingoni.

Bado filta. DAC inaacha uchafu wa masafa ya juu ambao sikio halisikii, ila waya wa sauti unaugeuza kuwa antena ndogo. Kama ndani ya boksi kuna FM, stesheni dhaifu inamezwa. Huku si jambo dogo: Radio Kwizera, iliyoanzia Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi, ni moja ya njia za watu kupata habari. Dawa ni rezista ya omu 470 na kapasita ya nanofaradi 2.2 kwenda graundi, pale pale DAC inapotolea sauti. Inaanza kukata kwenye kilohezi 154 hivi, mbali na 20 za mwisho wa sikio, kwa hiyo muziki haupotezi kitu. Vibao vingi tayari vinazo. Angalia kabla ya kuongeza.

Ule mluzi unaosikika hata wimbo haujaanza mara nyingi unatoka kwenye kibao cha kushusha volti 12 kuwa 5. Weka omu 10 kwenye waya wa umeme wa DAC peke yake, na kapasita ya mikrofaradi 1000 kwenda graundi. ESP32 usiipitishe humo, inakula umeme mwingi.

Kupima si lazima uwe na osiloskopu. Cheza mlio mmoja wa hezi 100 uliorekodiwa kwa kiwango cha juu, simu voliamu yote, kisha weka mita kwenye AC ushike nyaya za spika. Ikisoma 3 hivi na mlio ni safi, funga skrubu.