Nyumba yenye kuachwa: uliza mbele ya kulipa

Beni na Bunia, kuna watu wanaozunguka makartie na moto, wakitafuta nyumba yenye kuachwa: majani yamejaa parsele, mabati yametoboka, mlango haufunguliwi. Wanawaza bei itakuwa chini. Lakini mara nyingi mwenyewe alikimbia vita, ao warithi bado wanagombana. Ndiyo sababu ukutani wengine wanaandika: «Nyumba hii haiuzwi».

Kwanza, uliza majirani na shefu wa kartie. Kisha, kwa konservateri, angalia sertifika iko kwa jina la nani. Kwa sheria ya 1973, udongo ni wa Serikali. Sertifika njo inaonyesha mwenye haki. Komisioneri akikuharakisha ulipe leo, ngojea kwanza. Mwenyewe akirudi, utakosa feza na nyumba.