Isale: Mmea wa Mpaka, Mmea wa Suluhu

Ukipita Machame, Kibosho, Marangu au Rombo utaona kwamba vihamba vingi, yaani mashamba ya ukoo yaliyozunguka nyumba, havikutenganishwa kwa ukuta wala seng'enge. Kati ya jirani na jirani kuna safu ya mimea yenye mashina membamba yaliyonyooka na majani marefu ya kijani yanayofanana na ya mahindi. Hayo ndiyo masale. Kwa vizazi vingi Wachagga wameyatumia kuweka mipaka, kuomba radhi na kutunza makaburi. Mila hizo zinajulikana hata kwa wasio Wachagga. Lisilojulikana sana ni sababu iliyowafanya wazee, waliokuwa na msitu mzima wa Kilimanjaro wa kuchagua, wauteue mmea huu. Sababu hiyo imo katika maumbile ya isale lenyewe, na ina faida kwa yeyote anayemiliki ardhi leo.

Mmea wa kivulini

Isale ni jina la jumla la mimea kadhaa ya jenasi iitwayo Dracaena. Aina inayoonekana zaidi vihambani ni Dracaena fragrans, ambayo humea yenyewe katika misitu ya Afrika ya kitropiki, kuanzia magharibi mwa bara hadi huku kwetu mashariki. Msituni huishi chini ya miti mikubwa, kwa hiyo imezoea mwanga hafifu. Ndiyo maana hustawi chini ya migomba, mahali ambapo mimea mingi ya ua ingedhoofika kwa kukosa jua. Maua yake ni madogo, meupe, na hufunguka jioni. Usiku hutoa harufu kali inayovuta nondo, nao ndio wanaoyachavusha. Baadaye huja matunda madogo ya rangi ya chungwa.

Kwa kazi ya mpaka, isale lina sifa tatu ambazo ni nadra kuzikuta pamoja. Kwanza, huoteshwa kwa kipande cha shina tu: unakata, unachomeka ardhini wakati wa mvua, nalo linashika. Pili, halitambai. Yako maua na nyasi za ua ambazo baada ya miaka michache huwa zimeingia kwa jirani, lakini isale hubaki palepale lilipopandwa. Tatu, haliuawi kirahisi. Likikatwa kwa panga, kisiki huchipua tena, na majani yake hubaki mabichi kiangazi na masika.

Sifa hizo zikikutana, udanganyifu unakuwa mgumu. Anayetaka kuiba hatua mbili za ardhi usiku hawezi kukata tu na kuondoka, maana kisiki kitachipua na kumuumbua. Akipanda isale jipya mahali pengine, shina lake litakuwa jembamba kando ya yale yaliyonenepa kwa miaka mingi. Mzee anayekagua mpaka huangalia unene wa shina na unyoofu wa safu, akajua kama mkono umepita hapo.

Jani la kuomba radhi

Kazi ya pili ya isale ni suluhu. Kwa mila ya Kichagga, aliyemkosea mwenzake huchukua jani la isale, mara nyingi likiwa limefungwa fundo, akalipeleka kwa aliyekosewa au akamtuma mzee amuombee. Kijana aliyemtorosha binti bila idhini ya wazazi hutanguliza isale kabla ya mazungumzo ya mahari kuanza. Anayeletewa jani hilo hatarajiwi kulikataa. Anaweza kudai fidia, anaweza kutaka mbuzi na mbege, pombe ya ndizi, viletwe na wazee wakae, lakini mlango wa mazungumzo lazima aufungue. Inaaminika kuwa anayelikataa isale hujiletea balaa yeye na ukoo wake.

Wakati wa Wamangi, watawala wa Kichagga, mjumbe aliyebeba isale alitambuliwa kuwa amekuja kwa amani. Isale lina nafasi pia katika mambo ya wafu. Zamani, muda fulani baada ya mazishi, mafuvu ya wahenga yalihamishiwa pembeni mwa kihamba na kuzungushiwa masale. Desturi hiyo imekoma, lakini masale bado yanaonekana kando ya makaburi mengi ya familia, hata yenye misalaba ya saruji.

Mpaka, radhi na kaburi vina jambo moja linaloviunganisha. Mpaka hukaa kati ya watu wawili, radhi kati ya aliyekosa na aliyekosewa, na kaburi kati ya walio hai na waliotangulia. Kote huko kuna uhusiano unaoweza kuvunjika, na isale husimama kama ahadi kwamba hautavunjwa. Imani kuwa anayeng'oa isale la mpaka hupatwa na mkosi ilikuwa na kazi kubwa katika jamii isiyokuwa na polisi wala ofisi ya ardhi. Ililinda makubaliano saa ambazo hakuna jicho la mtu linaloona.

Wachagga hawako peke yao. Kwa Wapare na Wameru mimea ya jamii hii ina heshima inayokaribiana na hiyo, na huko Kagera na Uganda imepandwa mipakani mwa mashamba ya migomba. Katika nyanda za juu za Kameruni, mbali kabisa na Kilimanjaro, jani la jamii hiyohiyo hubebwa kuomba amani. Mwanaanthropolojia wa Marekani Michael Sheridan ameichunguza mimea ya mipaka Kilimanjaro na Upare Kaskazini, kisha Kameruni, Karibi na visiwa vya Pasifiki.

Isale la ofisini

Mmea huohuo umo katika hoteli na ofisi za Ulaya, Marekani na hata Dar es Salaam na Nairobi, ukiuzwa kama pambo la ndani. Wauzaji husema unasafisha hewa. Dai hilo lina chanzo chake: mwaka 1989 shirika la anga la Marekani, NASA, lilitoa ripoti ya majaribio ya mimea kadhaa, ikiwemo ya jenasi ya Dracaena, katika visanduku vidogo vilivyofungwa kabisa. Chumba cha kawaida kina milango na madirisha, na mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili ilingane na upitaji wa kawaida wa hewa. Pambeni nyumba zenu kwa isale, lakini mfungue madirisha. Mwenye paka au mbwa alipande mbali nao, kwa sababu majani yake yana saponini zinazowadhuru wakiyatafuna.

Tuyatunze

Kilimo cha kihamba kimetambuliwa duniani. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikiingiza Kihamba cha Shimbwe Juu katika orodha ya mifumo ya urithi wa kilimo. Hata hivyo, masale yanang'olewa kupisha kuta za matofali, na vihamba vinagawanywa vipande vidogo kila kizazi. Vijana wengi wanaoishi mjini hurudi nyumbani mara moja kwa mwaka, Desemba, na hawajui tena ni mzee yupi alishuhudia mpaka upi.

Hapa ndipo penye hatari. Isale peke yake halisemi. Nguvu yake hutoka kwa watu waliosimama pale lilipopandwa, wakakubaliana na wakakumbuka. Safu isiyo na mashahidi hubaki kuwa mimea tu.

Kwa hiyo nawasihi wenye vihamba. Mnapogawana ardhi, pandeni masale mvua za masika zinapoanza, mbele ya majirani wa pande zote, wazee wa ukoo na mwakilishi wa kijiji. Andikeni majina ya waliokuwepo na muweke sahihi. Mkiomba Hati ya Hakimiliki ya Kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, wapitisheni wapimaji kwenye masale hayo ili alama za ramani zifuate mpaka uliokubaliwa. Hati mkishaipata, msiyang'oe masale. Karatasi hufungiwa kabatini, lakini isale huonwa kila siku na mtoto anayekata majani ya ng'ombe. Mkija Desemba, kabla ya kurudi mjini, watembezeni watoto wenu mpakani, muwaonyeshe kila isale na muwaambie nani alilipanda.