Mhasibu hapimwi kwa cheti peke yake

Mfanyabiashara wa Chemchem, Tabora, akitafuta mhasibu huuliza kwanza cheti. Ni haki yake. Lakini cheti hakimwambii kama mtu huyo ataweza kumweleza mapema kwamba biashara inazama.

Stadi hiyo hufundishika. Njia mojawapo ni kufundisha kwa visa, iliyoenezwa na chuo cha biashara cha Harvard, Marekani, tangu miaka ya 1920. Mwalimu hutoa kisa cha biashara; wanafunzi hujadili, hubishana, kisha huamua.

Tabora ina kisa chake. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipigana na Waarabu wa Unyanyembe na kuifunga njia ya misafara ya Ujiji. Wafanyabiashara wa njia hiyo walichukua mali kauli kwa matajiri wa Unguja, kama Tharia Topan aliyemkopesha Tippu Tip.

Tuseme mmoja wao ana pembe zilizokwama Ujiji. Alizinunua kwa riale 6,000 na anadaiwa 5,500. Bei ya Unguja ni 9,000. Gharama za kufikisha mzigo zilikuwa 1,500. Vita vimezipandisha hadi 4,000.

Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 2, husema bidhaa ziandikwe kwa gharama ya kununulia au kwa kiasi zitakachoingiza baada ya gharama za kuuza, kile kilicho kidogo. Kabla ya vita zingeingiza 7,500, kwa hiyo ziliandikwa 6,000. Sasa zitaingiza 5,000. Deni limezidi mali kwa riale 500.

Hadi hapo kikokotoo kinatosha. Sasa mwanafunzi mmoja awe mwenye mali, anayetaka pembe zibaki 6,000 daftarini. Wa pili awe mdai, anayetaka fedha yake leo. Wa tatu ni mhasibu: awasikilize wote, akatae kughushi, aeleze hasara kwa lugha nyepesi na kupendekeza muda mpya wa kulipa.

Njia hii ina ugumu wake. Hula muda, na katika darasa kubwa wasemaji wachache huwafunika wenzao. Hata hivyo, kiwango cha kimataifa cha elimu ya wahasibu, IES 3, kinadai stadi za mawasiliano na za kufanya kazi na watu.

Msomaji unayeajiri, hakikisha usajili wa Bodi ya NBAA, kisha mpe kisa kimoja: tumbaku au asali iliyokwama ghalani, na mkopo unaokaribia kuiva. Akueleze kwa dakika tano. Usipomwelewa siku hiyo, hutamwelewa siku benki itakapobisha hodi.