Risasi Katika Damu, au Kwa Nini Injinia Anasoma Sera

Ndugu zangu wa chama, muhula uliopita niliwachekesha wenzangu wa maabara kwa kuchukua somo moja la sera za jamii. "Bwana, hesabu zimekushinda?" Mimi mtu wa uinjinia, miaka 30, na kwa kweli nilidhani sera ni maneno matupu ya wanasiasa. Ngoja niwaeleze kilichonigeuza.

Hapa Buffalo nina jirani, mama mmoja wa Uvira. Siku moja kliniki ilimpigia simu, akaniita nimtafsirie. Nikamwambia, "Mama, wanasema mtoto ana risasi kwenye damu." Akashika kichwa. "Masasi? Mwanangu, masasi tuliyaacha Kongo!" Ikabidi nianze upya: si ya bunduki, ni madini yaliyokuwa yakichanganywa kwenye rangi ya nyumba. Rangi ikibanduka inakuwa vumbi dirishani, mtoto anashika, anatia kidole mdomoni. Dalili huchelewa kuonekana, na ubongo unaokua unaharibika kimyakimya.

Mama akauliza swali ambalo mwalimu wetu angelipenda: "Tulipofika walimpima, akawa mzima. Ameyapata wapi?"

Ameyapata hapahapa Marekani. Mwaka 2000 mtoto wa miaka 2, wa familia ya wakimbizi wa Sudan, alifariki kwa sumu hiyo huko New Hampshire. Miaka michache baadaye, katika jimbo hilohilo, watoto wa wakimbizi wa Kiafrika waliofika na kiwango kidogo walipimwa tena, kikawa kimepanda. Ndipo CDC, idara ya serikali kuu ya kuzuia magonjwa, ikapendekeza watoto wapimwe wanapofika, kisha tena baada ya miezi 3 hadi 6. Kipimo hicho cha pili kinaipima nyumba kuliko mtoto.

Kilichonishangaza zaidi ni namba. Nilidhani kuna kiwango cha sayansi: chini yake salama, juu yake hatari. Wapi! Miaka ya 1960 mtoto alihesabiwa ana tatizo akifika mikrogramu 60 kwa desilita ya damu. Mwaka 1991 ikawa 10, mwaka 2012 ikawa 5, mwaka 2021 ikawa 3.5. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Hiyo 5 ilipatikana kwa kuangalia watoto wa nchi nzima wa miaka 1 hadi 5, mstari ukachorwa pale inapoanzia asilimia 2.5 ya juu kabisa. Watu walikaa mezani wakauchora. Na kila ukishuka, watoto waliolala wazima wanaamka na tatizo, na lazima mtu agharimie.

Sasa mwenye nyumba. Rangi hiyo ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978, ila Buffalo imejaa nyumba za mbao za zamani kuliko hapo. Sheria ya nchi ya 1992 inamtaka mwenye nyumba ya kabla ya 1978 amweleze mpangaji, kabla ya kusaini mkataba, kuhusu rangi ya risasi anayoijua. Soma tena: anayoijua. Kupima halazimishwi. Nani apime, hali akijua tu ana wajibu wa kusema? Wa jirani yangu alitia tiki kwamba hajui, na karatasi yenyewe ilikuwa ya Kiingereza.

Wenzetu wa Rochester walipitisha sheria yao Desemba 2005: mkaguzi aingie nyumba za kupanga bila kungoja mtoto augue. Buffalo tukafuata mwaka 2020. Miaka 15, jamani, na mji uko mwendo wa saa moja na kitu kwa gari!

Kwetu nako mnaikumbuka Owino Uhuru, Mombasa, penye kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofungwa 2014. Wakaazi walipewa shilingi bilioni 1.3 mahakamani mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hiyo pia ni njia ya kutunga sera, ila inaanza mtoto akishaugua.

Mlioko Louisville na Columbus, ulizeni nyumba yenu ilijengwa mwaka gani. Sisi tumefuta madirisha kwa kitambaa kilicholowa, na kitanda cha mtoto tumekihamisha. Mwezi ujao anapimwa tena. Nitakwenda kutafsiri, na safari hii nitasema "sumu ya rangi".