Ngoja Ngoja Huumiza Matumbo

Mbuzi anapochinjwa katika boma la Birongo, vijana ndio wanaopewa kazi ya kuosha matumbo. Kwa hiyo ni wachache mno kati yetu ambao hawajapata kuushika utumbo kwa mikono yao. Lakini wengi huutazama kwa jicho la mpishi tu. Laiti tungeutazama pia kwa jicho la daktari, tungejifunza jambo liwezalo kuokoa maisha ya jamaa zetu.

Siku nyingine, kabla kisu hakijautenga utumbo, inua sehemu yake moja taratibu. Utaona kwamba haukuachwa ovyo kama kamba iliyotupwa ndani ya gunia. Umeshikwa na utando mwembamba wenye mafuta, na shina la utando huo limeshikamana na upande wa mgongo. Ndani ya utando mna mishipa ya damu, nayo hutoka shinani na kugawanyika kama matawi ya mti mpaka kuufikia utumbo. Mbuzi ana tumbo la chakula lenye vyumba vinne, na mwanadamu ana chumba kimoja tu. Lakini kwa habari ya utando na mishipa, tunafanana naye sana.

MISHIPA MITATU

Kutoka moyoni hushuka mshipa mkuu wa damu uitwao aota, nao hupita mbele ya uti wa mgongo. Ukifika tumboni hutoa matawi makubwa matatu kwa upande wa mbele. Tawi la kwanza hulisha tumbo la chakula, ini, wengu, sehemu ya kongosho na mwanzo wa utumbo mwembamba. La pili hulisha karibu utumbo mwembamba wote uliosalia, ambao kwa mtu mzima hufikia kadiri ya mita 6, pamoja na kidole tumbo na nusu ya kwanza ya utumbo mpana. La tatu hulisha sehemu ya utumbo mpana iliyobaki, mpaka karibu na njia ya haja kubwa.

Damu ikiisha kupita katika viungo hivyo, hairudi moyoni moja kwa moja. Hukusanywa kwanza katika mshipa mmoja mnene na kupelekwa kwenye ini, ikiwa imebeba sehemu kubwa ya chakula kilichoyeyushwa. Mkulima wa chai atafahamu upesi: majani ya mashamba mengi hukusanywa kituoni, kisha hupelekwa kiwandani kutengenezwa kabla ya kuuzwa. Ini ndilo kiwanda chetu. Karibu robo tatu ya damu inayoingia katika ini hufika kwa njia hiyo.

Basi utumbo, ambao kazi yake ni kuulisha mwili, nao huhitaji kulishwa. Mtu anaweza kukaa siku kadhaa bila chakula na utumbo wake usidhurike. Lakini ukikosa damu kwa muda wa saa chache tu, huanza kufa.

UTUMBO UNAPOJISOKOTA

Katika upande wa kushoto, chini ya tumbo, utumbo mpana hufanya pindo kabla ya kuteremka kwenye njia ya haja kubwa. Kwa watu wengine pindo hilo ni refu sana, na shina la utando wake ni jembamba. Pindo la namna hiyo laweza kujizungusha lenyewe na kujisokota, kama vile mkulima anavyolisokota shingo la gunia kabla ya kulifunga.

Madaktari wa Afrika Mashariki wanaujua ugonjwa huu tangu zamani, na wameuona zaidi kwa wanaume watu wazima. Wengine huona kwamba chakula chetu chenye makapi mengi huufanya utumbo uwe mrefu na mpana. Lakini mtu asiache wimbi na mboga kwa sababu hiyo. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda tangu mwaka 1946 hadi 1966, alijulikana baadaye ulimwenguni kote kwa kueleza manufaa ya vyakula vya namna hiyo. Linalotupasa ni kuzijua dalili.

Shingo la pindo likisokotwa, mishipa inayorudisha damu huziba kwanza, maana kuta zake ni laini. Ile inayoleta damu huendelea kuleta kwa muda, na utumbo huvimba na kuwa mweusi. Mwisho hata hiyo huziba. Sehemu ile hufa, huoza na kutoboka, na uchafu wake humwagika ndani ya tumbo.

Dalili zake ni hizi: tumbo huvimba na kukaza kama ngoma; maumivu hukata, huachia, kisha hurudi; mgonjwa hapati choo, wala hata upepo hautoki; pengine hutapika. Maumivu yakiwa hayaachii tena, tumbo likawa gumu, na mapigo ya moyo yakaenda mbio, jueni kwamba hatari imekwisha kuwa kubwa.

LA KUFANYA NA LA KUACHA

Mgonjwa wa namna hiyo asipewe haluli, wala asipigwe bomba la dawa nyumbani, wala asikandwe tumbo. Kuusukuma utumbo uliofungwa ni kuupasua. Asipewe chakula wala kinywaji. Apelekwe hospitali yenye wapasuaji saa ile ile, ijapokuwa ni usiku.

Akifika mapema, utumbo ungali hai, mara nyingi daktari aweza kuufungua kwa kupitisha mpira katika njia ya haja kubwa. Kisha hupanga siku ya kulikata pindo lile, kwa maana hupenda kujisokota tena. Akichelewa, hapana budi apasuliwe upesi na sehemu iliyokufa iondolewe. Wako wanaokiogopa kisu. Hao wakumbuke kwamba Gusii ni nchi ya ababari, waganga mashuhuri wa jadi waliopasua hata fuvu la kichwa na mgonjwa akapona.

Liko jambo moja tena, nalo ni zito. Mtu aliyelala mzima akifa siku ya pili tumbo limevimba, wako wanaouliza alikula kwa nani, au ni jirani gani aliyemtazama vibaya. Mwezi Oktoba mwaka 2021, kule Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa na kundi la watu kwa shutuma za uchawi. Sisemi kwamba kisa chao kilitokana na ugonjwa wa tumbo. Nasema kwamba mahali ambapo sababu ya kifo haijulikani, mzee asiye na hatia huwa hatarini. Utumbo uliojisokota haukusokotwa na mkono wa mtu yeyote.

Wahenga walisema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Walikuwa wakisema juu ya njaa. Lakini mwenye tumbo lililofungwa na ayachukue maneno hayo kama yalivyo, aondoke nyumbani kabla hakujapambazuka.